Maneno Baada ya Pazia

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, ambaye kwa umri huu bado anavaa makalio ya sponji na kupiga kelele mbele ya watu ili apate riziki. Sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kila nikipanda jukwaani hulia kuliko mimi. Mama anaendeleaje na macho? Wifi hajambo? Na mwanao, Kinanda wetu, bado ukimgusa tu anatoa sauti? Mwambie shangazi yake anamkumbuka, na kwamba mimi pia nililia hivyo hivyo mpaka nikapata kazi ya kulia.

Tangu Desemba nimekuandikia barua mbili na hujajibu hata moja. Sikulaumu, ila usijaribu kunipigia simu hapa ukumbini. Karani anasikiliza kila neno, halafu baadaye ananifuata na maswali ya nyongeza.

Sasa nikwambie kilichonipata. Unajua tangu Januari tunacheza mchezo wa mwenye nyumba, na mimi ndiye Bi Kufuli, yule bibi anayefungia hata mtungi wa maji. Ukumbi unajaa. Watu hawaniiti tena jina langu, hata muuza mkaa ananiita Bi Kufuli. Basi, nyuma ya ukumbi kuna mtaa wa nyumba arobaini, na kila mlango umepigwa msalaba wa rangi nyekundu. Barabara mpya inapita hapo. Nyumba ya tatu ni ya Mama Pini, mshonaji wetu wa mavazi, tumempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauishi pini. Wamempa mpaka mwisho wa Julai awe ameondoka.

Jumamosi iliyopita, onyesho la alasiri, mchezo ulipokwisha tukainama kama kawaida. Wenzangu wakaanza kuondoka. Mimi nikabaki. Nikavua kilemba, nikaweka chini lile shada la funguo, nikasogea mbele. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: "Mmemcheka Bi Kufuli anayefungia watu nje. Nyuma ya ukuta huu kuna mtu amefungia nje nyumba arobaini kwa kamba na penseli tu." Kisha nikamwigiza mpimaji. Nilifumba jicho moja, nikatembea kwa hatua ndefu ndefu nikihesabu na kupiga mluzi, nikiwaruka watoto kama madimbwi. "Nyumba? Nyumba gani? Mimi naona namba tu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Makofi yakaja mpaka nikasikia mbao zinatetemeka. Lakini kuna walionyanyuka na kutoka bila kuaga, na mwanamke mmoja wa safu ya nne alibaki ameshika mkoba mapajani, ananitazama kama nimemkanyaga.

Kiongozi wa kundi letu, yule tunayemwita Mwalimu, alinisubiri nyuma ya pazia amevimba. "Umemaliza mchezo wetu," akasema, "ukaanzisha wa kwako. Watu hawakuja kusikia maoni yako." Nikamwambia maoni yangu hayana pa kwenda, ndiyo maana yametokea hapo. Tangu siku hiyo sina raha. Nakaa, nasimama, nafua nguo safi.

Wewe ni mpima ardhi, unayajua mambo haya. Niambie nilipokosea. Na nikuulize jingine: mwaka jana mwezi wa kumi uliandika kwamba uko kwenye semina. Ilikuwa semina ya nini? Nauliza tu.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tupo salama. Daktari amemwambia Mama ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, na atafanyiwa upasuaji mwezi wa tano. Yeye anasema afadhali, maana amechoka kusalimia makoti yaliyotundikwa ukutani. Mke wangu amepata zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha mikate, nyumba nzima inanukia hamira. Kinanda ameng'oka jino, akalia saa nzima, kisha akalitafuta alicheke.

Barua yako nilimsomea Mama, ila sehemu ya mtaa wa nyuma niliiruka. Hapendi mambo hayo.

Umeniomba nikwambie ulipokosea, nami nitakwambia bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukumbi wenu ni mahali pa nadra, dada. Anakaa mkurugenzi, pembeni yake anakaa mfagiaji, na wote wanamcheka bibi mmoja. Nje ya mlango huo hawasalimiani. Ukishaanza kuwahubiria, kila mtu anakumbuka yeye ni wa upande gani. Daktari akimaliza kukushona jeraha hakwambii umchague nani. Anakufunga bendeji, unakwenda.

Na kuna jambo baya zaidi. Wewe ulikuwa na taa usoni na watu mia tatu mbele yako. Huyo mpimaji hakuwepo. Umemshtaki, umemhukumu na umemcheka, yote kwa dakika tano, na hakuna aliyemuuliza yeye anasemaje. Hiyo ni haki gani? Nani amekwambia mpimaji ndiye anayeamua barabara ipite wapi? Mpimaji anatumwa.

Cheza, dada. Una kipaji ambacho Mungu hakumpa mtu mwingine kwenye ukoo huu. Mengine waachie wenye mengine.

Semina ilikuwa semina tu.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama hayo makoti ayasalimie tu, heshima haijawahi kumuua mtu. Nitatuma miwani ya jua kwa ajili ya baada ya upasuaji, ya jukwaani, lakini vioo vyake ni vya kweli.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma mchezo mpya. Hoja ya mtu asiyekuwepo imenichoma, sitaficha. Lakini tazama na upande wangu. Gauni la Bi Kufuli limeshonwa na Mama Pini. Ananivalisha kila Jumamosi, ananifunga vifungo mgongoni. Nitoke mbele nichekeshe watu ndani ya gauni lake, halafu nijifanye sijauona mlango wake? Mimi siwezi. Anayenyamaza naye amesema, ila amesema jambo linalowafaa wenye nguvu.

Pamoja na hayo, mambo yamekuwa makubwa kuliko nilivyotaka. Sasa nasema kila Jumamosi, na wapo wanaokuja kwa ajili hiyo tu. Kabla hata Bi Kufuli hajamaliza kufunga mlango wa mwisho, wanapiga kelele, "Mpimaji! Mpimaji!" Mchezo wenyewe wanauona kama kelele za kusubiria. Kundi limegawanyika. Mpiga ngoma yuko nami, wachezaji wawili wametishia kuondoka, na Mwalimu ananiita "mheshimiwa," si kwa heshima.

Halafu yule mwanamke wa safu ya nne, mwenye mkoba, ameacha karatasi kwa bawabu. Nakunakilia: "Nilimzika mume wangu Februari. Siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka. Mume wangu alikuwa mtu wa serikali, na wewe una upande wako, ni haki yako. Lakini ulipokuwa Bi Kufuli ulikuwa wa sisi sote. Ulipovua kilemba ukawa wa wengine, nami nikarudi nyumbani kabla ya wakati, ingawa nilikuwa bado kitini." Hakuweka jina.

Nimeibandika kwenye kioo ninapojipaka rangi. Sijui kama nimeibandika ili niisome au ili nibishane nayo. Najikuta nazungumza nayo kwa sauti, na mpiga ngoma anadhani nafanya mazoezi.

Na wewe, ndugu yangu, una mtindo wa kujibu nisiyouliza. Nilikuuliza kitu kimoja, ukanipa maneno manne.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilinizidi.

Mama amefanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, amefunguliwa, anaona. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nimekonda. Cha pili, kwamba pazia la sebuleni ni chafu na limekuwa chafu muda mrefu. Wote wanakusalimu.

Nina ombi moja. Sema juu ya mtaa ule ukitaka, sitakubishia tena. Sema juu ya barabara, rangi nyekundu, wakubwa, wote. Ila acha kumwigiza mpimaji. Huo mluzi, hizo hatua, viache. Nakuomba kama mdogo wako na usiniulize kwa nini.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa macho ya Mama. Leo sitakuwa na salamu ndefu.

Ni wewe.

Mama Pini amenieleza juu ya mpimaji aliyekuja mwezi wa kumi. Amesema ni kijana mrefu mwenye kofia ya kijani, anapiga mluzi akihesabu hatua, na akikosea hesabu anajipiga kofi pajani na kuanza upya. Ni nani mwingine duniani anayejipiga kofi pajani akikosea hesabu? Ulianza darasa la pili, Mama akadhani una viroboto.

Siku nane. Ulikuwa hatua mia mbili kutoka mlango wa ukumbi wangu, siku nane, na hukuja kunijulia hali. Ulikula wapi? Ulilala wapi? Mchana ulikuwa unakaa kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanja kile kitupu, unavua kofia, unafuta jasho, unaivaa tena, na dada yako yupo ng'ambo ya barabara. Kisha ukaenda nyumbani ukaniandikia habari za semina.

Nikasimama mbele ya watu mia tatu nikawachekesha kwa kukuigiza wewe. Na wewe ukaniandikia barua nzuri yenye daktari na bendeji, ukinifundisha jinsi msanii anavyopaswa kuwa. Ulikuwa unatetea sanaa au unatetea ngozi yako?

Nijibu. Na safari hii jibu nililouliza.

Dada yako


Tarehe 21 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, mke wangu hajambo, Kinanda hajambo. Mimi ndiye mwenye jambo.

Ni mimi. Nilitumwa kupima njia ya barabara hiyo. Nilipima vizuri, dada, na sisemi hivyo kujisafisha. Njia niliyoipata mimi ilipita kwenye kiwanja kile kitupu chenye ukuta, kile kilichokuwa kikiwekwa magogo zamani. Haikugusa nyumba hata moja. Niliichora, nikaipeleka ofisini. Mkuu wangu aliitazama, akachukua rula, akauhamisha mstari hatua sitini kuelekea kwenye nyumba. Ilimchukua muda kama wa kunywa chai. Kiwanja kina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu ambaye ofisini hatajwi kwa jina, wanasema "yule bwana." Ramani haikamiliki bila saini ya mpimaji. Nikatia saini.

Kwa nini sikuja kwako? Nilipokuwa napima sikujua mstari utahamishwa, lakini nilijua njia ile inapita karibu sana na watu, na nilijua ofisi yetu. Ningekuja, ungeniuliza, "Unafanya nini huku?" Ningekudanganya nikikutazama machoni. Kwa barua ni rahisi zaidi. Ndiyo sababu, na ni aibu.

Umeuliza nilikuwa natetea nini. Yale niliyokuandikia Machi niliyaamini, na bado nayaamini kwa kiasi fulani. Ila pia yalinifaa. Sijui nitenganishe vipi. Nikiwa kazini situlii, nikiwa nyumbani nazunguka meza mpaka mke wangu ananiambia nikae au nitoke.

Sasa sikia lililobaki. Wakazi wamepeleka malalamiko, na ofisi imeamua kufanya mkutano wa kuwaelezea ramani. Tarehe 14 Julai, asubuhi. Msemaji ni mimi. Nimeandikiwa karatasi ya kusoma. Na kwa kuwa mtaa ule hauna chumba kingine kikubwa, wamekodi ukumbi wenu. Nitasimama pale pale unaposimama wewe.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa juu ya sanduku la mavazi kwenye kituo cha mabasi. Kwa kuwa ukumbi umekodiwa na ofisi yako, na baada yao kuna fundi wa paa, kundi limeondoka kuzunguka miji midogo wiki tatu. Tarehe 14 nitakuwa mbali, kwa hiyo usinitafute kwenye viti.

Nimeacha kukuigiza. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari waliita, "Mpimaji! Mpimaji!" wakagonga sakafu kwa miguu. Nilisogea mbele, nikafungua mdomo, nikasema, "Leo sina neno." Wakadhani ni utani, wakacheka. Nilipogeuka kuondoka, sauti moja ikatoka nyuma: "Ameshanunuliwa huyo!" Na wengine wakaipokea. Watu wale wale wa makofi, mdogo wangu.

Mwalimu alinipokea nyuma ya pazia. Nilitegemea anicheke. Akanivutia kiti, akasema, "Shida ya kufungua ule mlango ni kwamba ukitaka kuufunga, unakuta hupo peke yako kwenye kitasa." Hakuniita mheshimiwa.

Umeniomba nikwambie ufanye nini. Sitakwambia useme wala unyamaze. Nimeshasema vya kutosha kwa midomo ya watu wengine. Nitakupa ya kazi tu. Usisimame katikati kabisa, ubao wa pale unalia. Usitazame taa. Sauti yako ipeleke safu ya mwisho, wa mbele watasikia tu. Na ukishikwa na woga, usiharakishe. Watu wanasamehe kimya, hawasamehi kubabaika.

Dada yako


Tarehe 19 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hiyo safari ya miji midogo haijalimaliza goti lako.

Nianze na mkutano, maana najua hutasoma kingine kabla ya hilo. Ukumbi ulijaa, wengine walikaa sakafuni. Ramani ilitundikwa kwenye ule ukuta wenu wa turubai, wenye mlango wa kuchora wa Bi Kufuli. Mkuu wangu alikaa safu ya mbele, miguu ameikunja. Nikatoa karatasi niliyoandikiwa, nikasoma mistari miwili: "Kwa kuzingatia vigezo vya kitaalamu..."

Mama mmoja akasimama katikati. Mfupi, kitambaa cha bluu, pini zimechomekwa kifuani. Nilimjua mara moja, mshonaji wako. Akasema, "Baba, weka chini hiyo karatasi kidogo. Mimi nina swali dogo. Ulifunga kamba kwenye nguzo ya mlango wangu. Siku tatu. Kamba ilikwenda kule, kwenye ukuta wa kiwanja. Mbona kwenye ramani yenu imekuja huku kwangu?"

Mkuu akakohoa. "Mjibu kitaalamu," akasema.

Nilisikia feni. Nilimfikiria Kinanda, na zamu ya mke wangu, na nyumba ya ofisi tunayokaa. Kisha nikasema, "Mama, kamba ilikuwa sahihi. Mimi niliupitisha mstari kwenye kiwanja kitupu. Ulihamishwa baadaye, mezani, na mimi nikatia saini."

Nilidhani watapiga makofi, dada. Siwezi kukuficha, sehemu yangu moja iliyangoja. Hakuna aliyepiga. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo saini uliitia kwa mkono wa nani?" Nikasema, "Kwa wangu." Akaitikia kwa kichwa, akakaa. Kisha watu wote wakaanza kusema kwa pamoja, na mkuu akapanda jukwaani akaikunja ramani kwa mikono yake mwenyewe. Alisimama pale pale kwenye ubao unaolia.

Siku ya tatu nikapata barua ya kusimamishwa kazi. Nyumba ya ofisi tumepewa mwezi mmoja kuiachia. Mtaa ule misalaba bado ipo milangoni, ila tarehe ya kubomoa imeahirishwa mpaka njia ipimwe upya na mtu wa ofisi nyingine. Huenda wakashinda, huenda wasishinde. Mke wangu hakunilaumu. Alikaa kitandani, akavua viatu, akavivaa tena, akasema, "Haya, tutaanzia wapi?"

Mama, kwa kuwa sasa anaona, alikuta barua zako zote kwenye droo, akazisoma mwenyewe. Hata zile sehemu nilizoruka. Akasema, "Nyinyi wawili tangu utoto mkigombana mnapigana kwa fimbo za watu wengine." Kisha akaomba chai.

Sasa nina swali, na ni zamu yangu kuuliza. Mkutano ulipokwisha nilimfuata yule mshonaji nje, nikamwomba radhi. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Bi Kufuli. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Bi Kufuli ana ndugu wa kiume?" akasema. "Mbona hajawahi kunitajia?" Nikamwambia lakini yeye ndiye aliyekueleza wewe habari zangu, mluzi, kofia. Akasema hajawahi kukueleza lolote juu ya mpimaji, na kwamba yeye kutwa yupo kwenye cherehani, aliijua kamba tu na sura yangu, kofia yenyewe haikumbuki.

Uliniandikia mpaka rangi ya kofia, dada. Uliniandikia nilivyokaa mchana kwenye kivuli. Ulijuaje?

Mdogo wako


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumerudi. Paa limezibwa nusu. Goti lipo. Msalimie Mama, mwambie ana macho mapya lakini ulimi ni ule ule, namshukuru. Mwambie na wifi kwamba nina vyumba viwili, na kimoja nimeshakitoa masanduku.

Nilikuona mwenyewe.

Chumba cha mavazi kiko ghorofa ya juu, na dirisha lake linatazama mtaa ule. Siku ya kwanza nilisikia mluzi kabla sijatazama. Nilishuka ngazi mbio, bila viatu, nikikuita. Nilipofika mlangoni wewe ulikuwa ng'ambo, unatazama picha yangu iliyobandikwa ukutani. Uliitazama muda mrefu. Kisha ukaivuta kofia usoni, ukageuka, ukarudi kwenye kamba zako. Nikapanda juu tena.

Nilikaa dirishani siku nane. Kila siku nilijiambia leo atakuja. Nilipika kwa watu wawili. Siku ya tisa hukuwepo, na Desemba nikakuandikia barua mbili nikingoja useme wewe mwenyewe. Hukusema. Februari wakaja wapaka rangi, wakapiga misalaba, na mimi nikapata pa kuiweka hasira yangu. Siku ile nilipovua kilemba nilijua ni nani ninayemwigiza. Ule mluzi haukuwa wa mpimaji yeyote, ulikuwa wako. Nilitaka habari zikufikie huko uliko, uumie, uje. Na habari ya Mama Pini kunieleza niliitunga, kwa sababu sikutaka ujue kwamba dada yako mkubwa alikaa dirishani siku nane kama kuku aliyefungiwa.

Jana nilimwendea Mama Pini kwenye chumba chake cha kushonea, nikamweleza yote, kuanzia dirisha mpaka barua. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto.

"Kwa hiyo," akasema, "ulikuwa unamgombeza nduguyo, na sisi tukapiga makofi."

Nikasema ndiyo.

"Na nyumba zetu je? Ulikuwa unazijali, au zilikuwa njia tu?"

Nikamwambia nilizijali. Nikamwambia yote mawili yalikuwa kweli, na kwamba hata mimi sikujua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Nikamwambia nitanyamaza, kuanzia sasa nitakuwa Bi Kufuli tu, nitainama, nitaondoka.

Alikasirika, mdogo wangu. Sijapata kumwona amekasirika. Alisimama, mkasi mkononi. "Nani amekuomba unyamaze? Milango yetu bado ina rangi. Sema. Lakini siku nyingine ukisimama pale mbele, tuambie kwanza lipi ni la kwetu na lipi ni la kwako."

Onyesho ni Jumamosi, alasiri. Njooni wote.

Dada yako